Tantanmen ikikataa: dalili, chanzo na dawa

Bakuli la tantanmen likikosa ladha, mkono hukimbilia pilipili. Hapo ndipo wengi wanapopotea. Rameni hii ya ufuta, yaani tambi za Kijapani kwenye supu, yenye kuwasha na kutia ganzi, imesimama juu ya vitu vinne vinavyoandaliwa mbalimbali na kukutana bakulini dakika ya mwisho: rojo la ufuta, mafuta ya pilipili, ganzi ya pilipili ya Sichuan, na chumvi ya sosi ya soya. Supu na tambi huja kuvibeba. Kila kimoja kina namna yake ya kuharibika, na pilipili haiponyi vile vingine vitatu. Kwa hiyo kabla hujagusa chochote, onja kila kitu peke yake: rojo kwenye ncha ya kijiko, tone la mafuta, ganda moja la pilipili ya Sichuan, supu tupu. Mara nyingi mkosaji hujitaja mwenyewe.

Vipimo vya kuanzia kwa bakuli moja la supu: rojo la ufuta gramu 40, sosi ya soya mililita 25 hadi 30, siki kijiko kimoja cha chai, mafuta ya pilipili vijiko viwili vya chakula, supu ya kuku mililita 300, tambi mbichi gramu 130 hadi 150, na nyama ya kusaga iliyokaangwa hadi ikauke, gramu 60 hivi. Ukishajua unapoanzia, kosa huonekana upesi.

Umeletewa bakuli lisilo na ufuta, au lisilo na supu

Mpishi hajakosea. Umeagiza tawi jingine la ukoo huohuo. Asili ya chakula hiki ni Sichuan, kusini-magharibi mwa China, ambako wachuuzi walitembeza tambi mitaani kwa mzega, jiko upande huu na vyombo upande ule. Bakuli lao lilikuwa dogo na karibu halina supu. Aliyekifikisha Japani katika umbo linalojulikana leo ni Chen Kenmin, mzaliwa wa Yibin huko Sichuan, aliyeingia Japani mwaka 1952 na kufungua mkahawa wake Tokyo mwaka 1958. Wajapani walizoea tambi zinazoelea kwenye supu, naye akaongeza supu, akaongeza ufuta na kupunguza ukali.

Baada ya hapo kila mji ukaenda njia yake. Katsuura, mji wa wavuvi katika mkoa wa Chiba, hupika tantanmen ya sosi ya soya, vitunguu maji na mafuta mekundu ya pilipili, bila ufuta. Ilikuwa chakula cha kuwapasha moto wavuvi na wanawake wazamiaji wakitoka baharini. Kawasaki wanavuruga mayai ndani ya supu na kumwaga kitunguu saumu bila ubahili, nao pia hawaweki ufuta. Hiroshima inasifika kwa ile kavu, shirunashi, ambayo mchuzi wake uko chini ya tambi na ganzi yake ni kali kuliko ya supu. Kwa hiyo tazama picha kabla ya kununua tiketi ya chakula kwenye mashine ya mlangoni: supu ya ufuta ni nzito, ina rangi ya chungwa iliyopauka, na mafuta mekundu yanaelea juu yake.

Asiyekula nguruwe aulize mambo mawili, si moja. Nyama ya juu yaweza kuwa ya kuku, na supu ya chini ikawa imechemshwa kwa mifupa ya nguruwe. Tokyo, hasa upande wa Asakusa, kuna maduka ya rameni ya halali, na nyumbani kuku au ng'ombe wa kusaga anafaa kabisa.

Rojo la ufuta limekaza na kujaa madonge

Umemimina kijiko cha supu juu ya rojo, nalo badala ya kulainika limekuwa gumu kama udongo wa mfinyanzi. Hapa ndipo watu hutupa chakula kizima. Usitupe, maana uko katikati ya njia tu.

Punje ya ufuta, karibu nusu ya uzito wake ni mafuta. Ikisagwa, mafuta hayo huzunguka chembe kavu za protini na wanga, na rojo huteleza. Maji machache yakiingia, chembe zile huyanywa na kushikamana, na rojo hukaza. Maji yakiongezeka, mambo hugeuka: sasa mafuta ndiyo yanayotawanyika ndani ya maji, na rojo hulegea ghafla na kuwa laini na jeupe. Dawa yake basi ni kuongeza supu ya moto, upawa mdogo kwa mdogo, ukikoroga kwa nguvu kila mara kabla ya kumimina tena. Upawa wa kwanza utakaza. Wa pili au wa tatu utafungua. Ukimwaga supu yote kwa pigo moja, madonge yatazama chini na hayatayeyuka tena mpaka uyasage.

Ni vizuri zaidi kuanza kwa kuchanganya rojo na sosi ya soya na siki chini ya bakuli, kisha ndipo supu ifuate. Bakuli nalo liwe la moto. Lijaze maji ya moto dakika chache kabla, kisha uyamwage. Rojo baridi ndani ya bakuli baridi ni mwanzo wa supu vuguvugu, na mafuta ya ufuta yakipoa mdomo huhisi unto tu.

Kuna jambo linalofanana na hili lakini si hili. Chupa ya rojo ikikaa, mafuta hupanda juu na unga hubaki chini. Anayechota juujuu atapata bakuli la kwanza lenye mafuta matupu na la mwisho lisilokorogeka. Igeuze chupa kichwa chini usiku mzima, kisha ikoroge hadi kwenye kitako.

Je, supu iliyokuwa laini imekatika, chembe nyeupe zimezama na juu kumebaki maji maji? Hiyo imechemshwa pamoja na ufuta. Ufuta haupikwi sufuriani na supu. Hukutana nayo bakulini. Kuiokoa, weka kijiko cha rojo jipya kwenye blenda, mimina supu hiyo na usage nusu dakika. Usiichanganye dalili hii na mafuta mekundu yanayoelea: hayo yanatakiwa yaelee.

Kuna uchungu nyuma ya ulimi

Onja rojo peke yake. Kama uchungu uko hapo, ama ufuta ulisagwa na maganda yake, ama uliungua. Maganda yana uchungu wa asili, ndiyo maana rojo zuri jeupe hutokana na ufuta uliomenywa. Tahina ya maduka ya Kiarabu, ambayo msomaji wa Muscat au Dubai anaipata kila kona, haina uchungu huo, lakini kwa kawaida ufuta wake umekaangwa kidogo sana, na harufu yake ni hafifu kwa tantanmen. Iongezee kijiko cha chai cha mafuta ya ufuta uliokaangwa, yale ya rangi ya kahawia, na pengo litapungua sana.

Aliyeko Lindi au Mtwara ana nafasi nzuri kuliko sote. Japani hailimi ufuta wa kuitosha hata kidogo, karibu wote hununua nje, na Tanzania ni miongoni mwa nchi zinazoiuzia. Nunua ufuta mweupe, uoshe, uukaushe, kisha uukaange kavu kwa moto mdogo huku mkono hautulii. Punje zikianza kurukaruka na harufu ikijaa jikoni, rangi ikiwa ya dhahabu hafifu, mimina mara moja kwenye sinia pana. Ukiuacha kwenye kikaango cha moto utaendelea kuiva hata jiko likiwa limezimwa. Usage ukiwa bado na joto, maana mafuta hutoka kwa urahisi. Ufuta uliopita kiwango hauna dawa. Sukari haiuponyi, inauficha kwa vijiko viwili vya kwanza, kisha uchungu unarudi.

Kama rojo ni zuri na uchungu bado upo, mshitakiwa ni mafuta ya pilipili. Kama ni mchanga unaokwaruza meno wala si uchungu, ni mbegu nyeusi za pilipili ya Sichuan ambazo hukuzitoa.

Inawasha vizuri, lakini ganzi hakuna

Hili ndilo tatizo linaloulizwa zaidi, na ndilo linalonigusa zaidi, kwa sababu bila ganzi unachokula ni supu ya ufuta yenye pilipili tu.

Pilipili ya Sichuan haihusiani na pilipili hoho wala pilipili manga. Ni ganda kavu la tunda la mti wa jenasi ya Zanthoxylum, katika familia moja na ndimu na machungwa. Ndiyo sababu ikiwa hai hunukia kama ganda la ndimu. Afrika Mashariki tuna ndugu yake, mjafari, unaojulikana zaidi kwa waganga wa miti shamba. Usiutie bakulini badala yake. Mjafari ni mti wa dawa. Japani wana ndugu mwingine, sansho, ambao ganzi yake ni nyepesi na harufu yake safi zaidi. Huo ukinyunyiziwa mezani unapendeza, lakini hautoshi kubeba bakuli zima.

Kinachotia ganzi kinaitwa sanshooli. Mwaka 2013 watafiti wa University College London waliwapaka watu pilipili hiyo midomoni na kuwataka wailinganishe hisia hiyo na mtetemo wa kifaa kilichoshikwa kidoleni. Ililingana na mitetemo karibu 50 kwa sekunde. Kwa maneno mengine, mishipa inayohisi mguso ndiyo inayoamshwa, si ile ya ladha. Kijiko kimoja zaidi cha pilipili kali hakiwezi kufanya kazi hiyo hata kidogo.

Pima hivi: weka ganda moja ulimini, litafune taratibu, subiri dakika moja. Ncha ya ulimi ikianza kutetemeka na mate yakajaa, ganda ni zima. Isipotokea kitu, limekufa, na njia ya kulifufua haipo. Sanshooli huharibiwa na mwanga, hewa na joto, kwa hiyo unga uliosagwa zamani na kukaa kwenye chupa angavu dukani haufai kununuliwa. Nunua maganda mazima, yaliyofunguka, yenye mbegu chache, na yanukie mara tu ufunguapo mfuko. Yafunge yasipate hewa, yaweke kwenye friza, na usage yale ya siku hiyo tu.

Kama ganda ni zima na bakuli bado limelala, basi uliliunguza au ulilichemsha. Likichemshwa muda mrefu ndani ya supu hutoa uchungu na kupoteza mtetemo. Kaanga maganda kavu kwa moto mdogo kabisa dakika moja au mbili, toa mbegu na vijiti, saga, chekecha, kisha nyunyiza robo kijiko cha chai juu ya bakuli lililokwisha kukamilika. Anayetaka ganzi iingie kila pembe atumie mafuta pia: pasha mafuta ya kupikia hadi yawe moto bila kutoa moshi, epua, subiri yatulie kidogo, ndipo utie maganda na kuyaacha hadi yapoe. Mimi huweka vyote viwili, mafuta kwa ajili ya mwili wa ganzi na unga kwa ajili ya harufu.

Ukipata maelezo ya zamani yaliyoandikwa Marekani yakikuambia utumie pilipili manga, ujue sababu: kuanzia mwaka 1968 hadi 2005 nchi hiyo ilizuia kuingiza pilipili ya Sichuan kwa hofu ya ugonjwa wa michungwa, na wapishi wakabaki kubahatisha. Leo hakuna haja.

Ikiwa uko dukani Japani, huenda hukuiagiza tu. Kwenye maduka mengi ukali huitwa kara na ganzi huitwa shibi, na vyaweza kuwa na viwango viwili tofauti. Duka la Kikanbo la Kanda, Tokyo, ambalo rameni yake ni ya miso (rojo la soya iliyochachushwa), linajulikana kwa utaratibu huo wa kukuuliza vyote viwili. Mtu aliyezoea pilipili mbuzi hupandisha kara na kuacha shibi chini, kisha akaondoka akidhani amedanganywa.

Ganzi imezidi, maji yenyewe yana ladha ngeni

Maji kuonekana kama yametiwa chumvi au limau ni kawaida, na hupungua yenyewe baada ya dakika kadhaa. Ongeza supu na nusu kijiko cha rojo la ufuta, uendelee kula.

Lakini hapa lazima niseme jambo kwa uzito wote. Ganzi ya pilipili ya Sichuan hukaa ulimini na midomoni, na haivimbishi. Midomo au kope zikivimba, mwili ukitoka vipele, koo likabana, pumzi ikawa ngumu, au mtu akatapika na kuishiwa nguvu, huo si ukali wa chakula. Ni mzio, na ufuta ni mojawapo ya vyakula vinavyousababisha kwa nguvu. Marekani imeuweka ufuta kwenye orodha ya vizio vikuu vinavyopaswa kutajwa kwenye vifungashio tangu Januari 2023. Acha kula papo hapo, tumia sindano ya adrenalini kama mtu anayo, na kimbilia hospitali. Usisubiri uone kama itapita. Na ukimpikia mgeni usiyemjua, muulize kuhusu ufuta, soya, ngano na karanga kabla hujawasha jiko, maana bakuli hili haliwezi kutenganishwa na vitu hivyo baada ya kupikwa, na maduka kadhaa huongeza karanga juu.

Mdomo unawaka moto

Kapsaisini, kile kinachowasha ndani ya pilipili, huyeyuka kwenye mafuta kuliko majini, kwa hiyo maji baridi huisambaza tu. Maziwa husaidia kwa kuwa yana kaseini, protini yake, inayoikamata. Wali mweupe pia unafaa. Bakuli lenyewe liponye kwa kuengua mafuta mekundu ya juu kwa kijiko, kwa sababu sehemu kubwa ya ukali iko hapo, kisha ongeza rojo la ufuta.

Mafuta ya pilipili ni makali, lakini hayana rangi wala harufu

Umetumia pilipili kichaa. Sichuan hutumia aina ndefu zenye ukali wa wastani na rangi nyingi, ndiyo maana wanaweza kumwaga vijiko viwili bila kumuumiza mtu. Changanya pilipili kavu nyekundu isiyo kali au paprika sehemu tatu, na pilipili kichaa sehemu moja, au chini ya hapo.

Kama yamekuwa meusi na yananuka moshi, mafuta yalikuwa moto mno. Loanisha unga wa pilipili kwa maji kidogo kwanza, uwe kama mchanga mbichi. Unyevu huo unaukinga usiungue. Mimina mafuta kwa awamu tatu: ya kwanza yachemke kwa fujo, ya mwisho yatoe mapovu madogo tu. Tangawizi, kitunguu cha majani na kipande cha mdalasini vikaangwe ndani ya mafuta kabla, kisha vitolewe. Kesho yake rangi huwa nzuri kuliko leo.

Kila kitu kipo, lakini ladha imelala

Karibu kila mara ni chumvi. Mafuta ya ufuta hufunika ulimi, na supu iliyokuwa na chumvi ya kutosha ikiwa tupu huonekana chapwa ikishakutana na rojo. Ongeza sosi ya soya kijiko cha chai kwa kijiko, onja, halafu matone machache ya siki. Siki haitakiwi isikike. Kazi yake ni kukata unto. Sababu nyingine ni tambi zilizoingia bila kukung'utwa: maji yake huongeza supu na kuipoza.

Maziwa ya soya yamekatika

Wapishi wengi huchanganya maziwa ya soya kwenye supu ili iwe laini. Yakikutana na siki huku yanachemka, protini yake huganda, ndivyo tofu inavyotengenezwa. Yapashe bila kuyachemsha, na siki iwekwe mezani na mlaji.

Tambi zimeshikana, au zinavunjika

Maji yalikuwa machache. Lita mbili kwa bakuli moja ni kiasi cha chini. Vitu vyote viwe tayari kabla tambi hazijaingia sufuriani, maana tambi zilizoiva hazisubiri nyama ikaangwe.

Tambi za rameni zina ule mvutano na rangi ya njano kwa sababu ya chumvi za alkali, kabonati ya potasiamu na ya sodiamu. Kama huzipati, tandaza bikaboneti ya kuokea (baking soda) kwenye trei na uioke nyuzi 120 kwa saa moja. Hugeuka kuwa kabonati ya sodiamu. Tia gramu moja hivi kwa kila gramu 100 za unga wa ngano, ukiiyeyusha kwanza majini, na usiishike kwa mikono mitupu. Sipendekezi magadi ya kupikia maharage, ingawa kikemia ni ndugu yake wa karibu: magadi ya maziwa yetu ya Bonde la Ufa huwa na floridi nyingi, inayoharibu meno na mifupa.

Kwa ile kavu ya Hiroshima, kushikana kwa tambi mara nyingi ni uvivu wa mlaji. Mchuzi wote uko chini. Chota kutoka kitako, pindua, rudia mpaka kila uzi umepakwa na chini hakujabaki mchuzi uliotuama. Bado ukiona pakavu, ongeza kijiko kimoja cha supu ya moto, si zaidi. Nyama na mchuzi vitakavyobaki viombee bakuli dogo la wali, uumwage humohumo na kukoroga tena.